Mtihani wa Ubingwa Mlangoni pa Chuo cha Meno

Miongoni mwa mambo ya kustaajabisha katika elimu ya juu ya Marekani, nchi ambayo elimu yake haina uhaba wa mambo ya kustaajabisha, ni hili la kijana aliyekwisha kukubaliwa katika chuo cha udaktari wa meno, ambaye katika maisha yake hajapata kushika jino la mtu ila lake mwenyewe, hajavalishwa lile koti jeupe la sherehe ya kufungulia masomo, wala hajaijua vema njia ya kutoka chumbani kwake hadi maktabani, naye tayari anauliza, kwa dhati na kwa wasiwasi, ni lini aanze kujisomea mtihani wa kuingilia masomo ya ubingwa, mtihani ambao matokeo yake hatayahitaji mpaka ipite takriban miaka mitatu. Wakongwe wa kazi hiyo humcheka. Mimi simcheki, maana nikiyatazama mambo yalivyopangwa naona swali lake halina utoto hata kidogo: ni swali la mtu mwenye akili timamu aliyewekwa mbele ya utaratibu ulioharibika mahali fulani, na muradi wa makala haya ni kuonyesha mahali hapo ni wapi, kisha kusema lipi lililo aula kwa kijana huyo katika mwaka wake wa kwanza.

Kwetu Afrika ya Mashariki njia ni fupi zaidi na, kwa jambo hili, ina insafu zaidi. Mwanafunzi atokaye sekondari huingia Muhimbili, au Nairobi ambako masomo ya udaktari wa meno yalianza 1974, husoma miaka mitano, hutumika mwaka mmoja wa mazoezi chini ya uangalizi, kisha hufanya kazi, na akitamani ubingwa hurudi kuusomea akiwa mtu mzima aliyekwisha kung'oa na kuziba meno ya kutosha kujua ni tawi lipi linalompendeza na lipi linalomchosha. Marekani mtu hupitia kwanza shahada nyingine, aghalabu ya miaka minne. Hufanya mtihani wa DAT. Ndipo huingia chuo cha meno kwa miaka minne mingine, na kutoka na shahada iitwayo DDS katika vyuo vingine na DMD katika vingine, ambayo ni shahada moja yenye majina mawili, jina la pili likiwa limeanzia Harvard, iliyofungua chuo chake cha meno 1867. Akiipata hiyo na kufaulu mitihani ya leseni anaweza kufungua kliniki katika majimbo mengi, ijapokuwa New York humtaka kwanza mwaka mmoja wa mafunzo ya ziada. Lakini mwenye kutaka mojawapo ya matawi 12 ya ubingwa yanayotambuliwa huko hupeleka maombi yake katika kipindi kilicho kati ya mwaka wa tatu na wa nne, kabla hajamaliza chuo, na mara nyingi kabla hajawatibu wagonjwa wengi; na kwa kuwa maombi yasiyo na alama nzuri hayasomwi kwa makini, hesabu ya kurudi nyuma humfikisha haraka katika mwaka wa pili, na mwenye hofu nyingi humfikisha katika wa kwanza.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Baraza la taifa la watahini wa udaktari wa meno liliundwa 1928, na kwa miaka mingi mtihani wake wa sehemu ya kwanza, uliohusu sayansi za msingi, yaani anatomia, baiokemia, fiziolojia, patholojia na nyinginezo, ulitoa matokeo kwa tarakimu. Wakuu wa masomo ya ubingwa walizipenda sana tarakimu hizo. Mwombaji wa kupanga meno, mwombaji wa tiba ya mizizi, mwombaji wa upasuaji, wote walipangwa kwa kipimo kimoja ambacho kila mwanafunzi alilazimika kukipitia kwa vyovyote vile, basi hapakuwa na haja ya mtihani wa pili. Tangu mwanzo wa 2012 matokeo hayo yaligeuzwa kuwa maneno mawili, amefaulu au hakufaulu, na mtihani mmoja uliounganisha sehemu zote, INBDE, ulipoanza 2020 na maswali yake 500, uliifuata desturi hiyo hiyo. Hoja ya waliofanya mabadiliko ilikuwa njema: mtihani uliotungwa ili kuwalinda wagonjwa dhidi ya tabibu asiyejua kazi haukutungwa ili kuwatofautisha wajuzi wawili. Walakini waliziondoa alama kama mtu afagiaye siafu sebuleni na kuwapeleka jikoni. Wachaguzi walibaki na rundo lile lile la maombi na nafasi zile zile chache, wakaanza kutafuta tarakimu mahali pengine.

Wakazipata. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilianzisha 2016 mtihani uitwao ADAT, wenye maswali 200 juu ya sayansi za tiba, elimu ya kliniki na ufasiri wa utafiti, alama zake zikienda kutoka 200 hadi 800. Baadhi ya programu za kupanga meno zimepata kuudai mtihani wa GRE, ambao hauna uhusiano wowote na meno, na ambao sijui unatabiri nini kuhusu mkono wa mtu anayekunja waya. Wapasuaji wa kinywa, taya na uso, ambao ndio wateuzi wakali kupita wote, walikwenda kwa madaktari wa mwili na kuazima mtihani wao wa CBSE, na huo ndio unaowanyima usingizi vijana tunaowazungumzia.

Inafaa kukaa kidogo juu ya mtihani huu, kwa sababu historia yake ni historia ya kazi yenyewe. Chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa Baltimore 1840 na Horace Hayden na Chapin Harris, nacho kilisimama peke yake, nje ya chuo cha udaktari. Na tangu siku hiyo utabibu wa kinywa na utabibu wa mwili uliobaki vilikwenda njia mbili nchini humo, kana kwamba mdomo haumo mwilini. Ilipofika 1926 William Gies, mtaalamu wa baiokemia wa Columbia, alitoa ripoti kubwa chini ya wakfu wa Carnegie, akahimiza elimu ya meno iingizwe ndani ya vyuo vikuu na ipewe hadhi sawa na elimu ya udaktari. Wanaodhani kwamba daktari wa meno ni fundi wa mkono tu wakumbuke kuwa usingizi wa chumba cha upasuaji uliletwa na madaktari wa meno wawili, Horace Wells aliyejaribu gesi ya kuchekesha Hartford 1844, na William Morton aliyemlaza mgonjwa kwa etha Boston 1846. Hata hivyo ufa wa 1840 haukuzibwa, na mpasuaji wa taya ndiye aliyesimama juu yake, mguu mmoja huku na mmoja kule. Mafunzo yake ni ya miaka minne kwa uchache, na katika programu nyingine ni sita, kwa kuwa katikati yake mwanafunzi huingizwa katika chuo cha udaktari na kutunukiwa shahada ya MD juu ya ile ya meno.

Sasa mkuu wa programu ya miaka sita hana budi kujua kama mtu anayemchukua ataweza masomo ya udaktari na kuufaulu mtihani wa leseni ya madaktari, USMLE, hatua ya kwanza. Baraza la taifa la watahini wa udaktari lilikuwa tayari na chombo cha kujulia hilo: CBSE, mtihani wa maswali 200 kwa saa tano, uliotengenezwa ili vyuo vya udaktari vipime wanafunzi wao kabla ya kuwapeleka kwenye mtihani halisi. Basi baada ya alama za bodi ya meno kuondoka, wapasuaji wakaufanya huo kuwa mlango wao, nao hutolewa kwa waombaji, kwa desturi, mara mbili kwa mwaka. Hauna maswali ya kuziba meno. Una moyo, figo, ini, viini vya maradhi, dawa na namna zinavyofanya kazi, maradhi ya akili, uzazi, takwimu za afya, na hasa patholojia, ambayo ni elimu ya namna mwili unavyoharibika. Yaani una yale yote ambayo chuo cha meno hufundisha kwa kupita, au hakifundishi.

Kisha likatokea jambo ambalo mtunga tamthilia angeona haya kulitunga. Mnamo Januari 2022 mtihani wa USMLE wa hatua ya kwanza nao uliacha kutoa tarakimu, ukawa wa kufaulu au kutofaulu, kwa sababu wakuu wa udaktari waliona wanafunzi wao wameacha kuhudhuria darasa na kujifungia na vitabu vya mtihani kwa miaka miwili. Hivi leo mwanafunzi wa udaktari wa mwili hapimwi tena kwa tarakimu ya sayansi za msingi katika mtihani wake mwenyewe, ilhali mwanafunzi wa meno anayetaka kupasua taya hupimwa kwa tarakimu ya sayansi zile zile katika mtihani wa majaribio wa yule wa kwanza. Ugonjwa ambao madaktari waliutibu kwao, majirani waliouazima mtihani wao wanao bado.

Taabu hii haiwapati wote kwa usawa. Wanafunzi wa meno wa Harvard, wa Columbia na wa Connecticut hukaa na wenzao wa udaktari katika madarasa ya sayansi za msingi, wakasikia mhadhara mmoja juu ya figo na kufanya mtihani mmoja. Hao mtihani wa upasuaji huwakuta njiani. Mwanafunzi wa chuo ambacho fiziolojia yake yote imebanwa katika miezi michache, tena ikafundishwa na mwalimu anayeharakia kufika kwenye mate na ulimi, hukuta nusu ya maswali yakizungumza habari ambazo hajapata kuzisikia, na hulazimika kujifundisha mwenyewe usiku. Kuna zaidi ya vyuo 70 vya meno katika nchi hiyo, navyo havifanani. Walakini mtihani ni mmoja, na mchaguzi anayetazama tarakimu mbili haoni nyuma yake vyuo viwili.

Tuingie sasa ndani ya mwaka wa kwanza wenyewe, maana huulizwa kama kuna wasaa ndani yake, na asiyeujua hawezi kujibu. Asubuhi ni ya sayansi: anatomia ya mwili, pamoja na chumba cha kupasulia maiti za watu waliojitoa wakfu kwa ajili ya elimu, histolojia, baiokemia, na mwanzo wa fiziolojia. Kichwa na shingo husomwa kwa kina ambacho mwanafunzi wa udaktari hakifikii. Neva ya tano ya ubongo hufuatwa tawi kwa tawi mpaka pale inapoingia katika mfupa wa taya la chini, kwa kuwa hapo ndipo daktari wa meno atakapopeleka sindano ya ganzi maisha yake yote, na akikosea kwa upana wa punje ya mchele mgonjwa atajua kabla yake.

Alasiri ni ya mikono, na hapa ndipo wengi waliokuwa vinara katika kila darasa tangu utotoni huonja kushindwa kwa mara ya kwanza. Hupewa nta, wakaambiwa wachonge gego la juu, na vilele vyake, mabonde yake na mshazari wa mteremko wake, mpaka lifanane na la Mungu. Huchonga wakaharibu, wakachonga tena. Kisha hupewa meno ya plastiki yaliyopandwa katika kichwa cha sanamu, wakashika mashine ya kuchimbia ambayo tangu ile ya John Borden ya 1957 huzunguka kiasi cha mara 300,000 kwa dakika au zaidi, wakatakiwa kuchimba tundu la daraja la pili, kwa hesabu ya madaraja aliyoyapanga Greene Vardiman Black wa Chicago zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lenye kina cha milimita moja na nusu au mbili, kuta zake zikiwa laini na jino la jirani likiwa halijaguswa. Meno ya juu hawayaoni isipokuwa katika kioo kidogo, kwa hiyo mkono unapokwenda mbele jicho linauona ukirudi nyuma. Mwalimu hupita na sindano butu, akagusa sakafu ya tundu, akaandika alama, akaondoka bila neno. Ujuzi huu haununuliwi kwa akili. Hujengwa kwa miezi ya kurudia rudia, wala hakuna kitabu chochote duniani kitakachomfundisha mtu kuwa robo ya milimita ni kiasi gani.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaonikatalia, kwamba kijana aingiaye chuoni asiufungue mtihani wa ubingwa kama somo la pembeni katika mwaka huo. Sababu yangu ya kwanza ni ya hesabu, na wala haina uhusiano na upole. Mtihani wa CBSE unaweza kurudiwa, na wengi huurudia. Alama za mwaka wa kwanza hazirudiwi. Katika vyuo vinavyopanga wanafunzi kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, nafasi hiyo huandikwa katika maombi ya ubingwa wa kila namna, uwe wa watoto, wa fizi, wa kupanga meno au wa upasuaji, nayo huanza kuhesabiwa tangu mtihani wa kwanza wa anatomia. Aliyeziacha nta zake ili akasome maradhi ya mapafu amelipa kwa sarafu asiyoweza kuipata tena, akanunua kitu ambacho angekipata mwaka wa pili kwa bei nafuu. Katika vyuo vya kufaulu na kutofaulu, kama Harvard na Columbia, hesabu hubadilika, kwa kuwa pasipo nafasi za darasa uzito wote huangukia mtihani. Lakini hata huko mwaka wa kwanza ni msingi wa mtihani wenyewe, basi kuusoma vema mwaka huo ni kujiandaa.

Sababu ya pili inatokana na namna kumbukumbu ilivyo. Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya mwenyewe kuwa mtu wa majaribio na kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha 1885 kwamba mengi ya tunayojifunza hutoroka katika siku chache za mwanzo, na kwamba kila marudio yanayotenganishwa kwa muda huyarefusha maisha ya yaliyobaki. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo linalokwenda nalo: waliosoma kifungu kisha wakajaribiwa walikikumbuka zaidi, wiki moja baadaye, kuliko waliokisoma mara ya pili, ijapokuwa dakika tano baada ya kusoma hao wa pili ndio walioonekana kuwa mbele. Juu ya maarifa haya ilijengwa programu ya kadi iitwayo Anki, ambayo kwa wanafunzi wa tiba wa Marekani leo imekuwa kama tasbihi, haiwatoki mkononi. Chombo ni chema. Lakini mwenye kupakua maelfu ya kadi zilizotungwa na wengine, juu ya maradhi ambayo hajasoma hata kiungo kinachougua, hukariri majibu ya maswali asiyoyaelewa, na miaka miwili baadaye hukuta amebakiwa na maneno bila mambo.

Lililo bora, kwa rai yangu, ni kuzisoma sayansi za mwaka wa kwanza kwa kina cha mtihani ule ilhali mtu yumo darasani kwa ajili ya mtihani wa chuo. Anayesoma moyo kwa ajili ya Jumatatu ausome pia kwa namna ambayo daktari wa mwili angeulizwa, na atengeneze kadi zake mwenyewe, chache kwa siku, za yale tu aliyoyaelewa, akizipitia asubuhi kabla ya mhadhara. Hilo halimwondolei nafasi darasani, aghalabu humwongezea. Likizo ya kiangazi baada ya mwaka wa kwanza, ambayo katika vyuo vingi ndiyo likizo ndefu ya mwisho, ndiyo mwanzo sahihi wa kazi ya mtihani yenyewe: hapo ndipo mahali pa kile kitabu cha First Aid ambacho wanafunzi wa udaktari wamekitumia tangu 1990, pa mihadhara ya Pathoma ya Husain Sattar wa Chicago, ambaye ana kipaji adimu cha kueleza kwa nini jambo liko lilivyo, na pa maswali ya kujipima. Mwaka wa pili, patholojia na famakolojia zitakapoingia darasani, masomo ya darasa na ya mtihani yatasaidiana. Na ile likizo iliyo kabla ya kuanza chuo, ambayo vijana huiombea ushauri kwa hofu, iachwe kabisa. Alale, awatembelee jamaa zake, afanye kazi ya kupata fedha kidogo. Aliyoyakariri Julai bila mwalimu hayatamfaa kitu Oktoba.

Lipo neno lingine ambalo wenye kutoa mashauri hulisahau, nalo kwangu ndilo kubwa. Kijana huyu anautaka upasuaji ule aliousikia, maana bado hajauona. Amesikia habari za hadhi na mapato. Kabla hajaitoa miaka miwili ya usiku wake kwa ajili ya mtihani, mwaka wa kwanza una likizo fupi mbili tatu ambamo angeweza kuomba ruhusa ya kusimama nyuma ya wapasuaji na kutazama. Ataona meno ya hekima yakitolewa asubuhi nzima, moja baada ya jingine, kazi ambayo ni chakula cha kila siku cha tawi hilo. Ataona taya lililovunjika kwa ajali ya gari au kwa ngumi za Jumamosi usiku likifungwa kwa vibati na skrubu. Huenda ataona uvimbe wa shingo uliotokana na jino bovu lililopuuzwa, ule ambao daktari wa Ujerumani, Ludwig, aliueleza 1836 na ambao hata leo unaweza kumziba mtu pumzi usiku mmoja; na atamwona daktari mwanafunzi aliyeitwa saa tisa za usiku kuja kuupasua, naye ni mtu wa miaka thelathini ambaye bado hajaanza kulipa deni lake. Wapo watakaotoka hapo nyuso zikiwaka, wakajua hiki ndicho walichozaliwa kukifanya, na hao mtihani hautawazuia. Wapo watakaogundua kwamba walichokipenda katika udaktari wa meno ni kukaa na mgonjwa mmoja miaka ishirini, kumtibu yeye na wanawe, na kurudi nyumbani kabla ya magharibi. Siku mbili za kusimama zinaweza kuwaokolea miaka miwili.

Nimetaja deni, na sitalipita kimya. Mhitimu wa chuo cha meno wa Marekani mwenye mkopo hutoka na deni ambalo kwa wastani linakaribia dola 300,000. Programu nyingi za upasuaji humlipa mwanafunzi mshahara mdogo wa hospitali. Nyingi za kupanga meno humtoza ada juu ya deni alilo nalo. Wazazi wenzetu waliohamia Minneapolis, Dallas au Columbus, ambao walifanya kazi zamu mbili ili mtoto afike hapo, huja wakamwuliza kwenye sherehe ya koti jeupe atakuwa bingwa wa nini, wakidhani wanamtia moyo. Kwa namna mtoto alivyolelewa kuwastahi hatawajibu kwamba swali hilo limemwongezea mzigo. Atatabasamu, atataja upasuaji kwa kuwa jina lake ni kubwa, kisha atarudi chumbani kununua kadi. Afadhali mzazi amwulize kama anakula.

Wala wenye vyuo wasijitoe katika lawama. Chuo kinachojisifu kwa idadi ya wahitimu wake walioingia upasuaji, lakini fiziolojia yake ikaishia kwenye tezi za mate, kinamwachia mwanafunzi ajinunulie kwa fedha zake elimu ambayo amekwisha kuilipia ada. Chuo kama hicho na kiombe ruhusa ya kuwakalisha wenye nia katika madarasa ya udaktari yaliyo ng'ambo ya barabara, ambayo katika vyuo vikuu vingi yapo kweli ng'ambo ya barabara. Na wapasuaji, ambao wameuazima mtihani wa watu, wangefanya vema kutazama walivyofanya wenyewe wenye mtihani: waweke kiwango, wamkubali kila aliyekifikia kuwa anafaa kusomwa, kisha wamchague kwa mikono yake, kwa barua za walimu waliomwona akifanya kazi, na kwa namna anavyozungumza na mgonjwa aliyeogopa. Kumtofautisha mpasuaji wa kesho kwa alama mbili za maswali ya figo ni uvivu uliovaa joho la uadilifu.

Mpaka hayo yatakapofanyika, kijana anayeanza masomo Agosti hii na ayajue mambo mawili yaliyo kweli hivi sasa. Madaktari wa meno wanne katika kila watano wa Marekani hawana ubingwa wowote, nao ndio wanaoitibu nchi. Na kama baada ya kusimama nyuma ya wapasuaji bado anautaka upasuaji, basi katika mwaka wake wa kwanza na asome anatomia kana kwamba hatapata nafasi ya kuisoma tena, achonge nta yake mpaka mwalimu aridhike, na kitabu cha mtihani akinunue Mei.